Riba ya Mwenye Shida

Mwanamke wa kwanza niliyemwona akiongoza wenzake hakujua kusoma. Alikuwa kijumbe wa mchezo wa mama yangu, Tandika, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hesabu zake alizichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni kwake: mstari kwa aliyetoa, duara kwa aliyekwisha kupokea. Walikuwamo wauza maandazi, wauza mkaa, fundi cherehani mmoja, na mke wa mwalimu aliyesuka ukili usiku ili majirani wasimwone akifanya kazi za mikono mchana. Kila jioni kijumbe alipita nyumba kwa nyumba, pesa akizifunga kwenye pindo la khanga, na zamu ilipofika mmoja wao alikabidhiwa fungu lote. Sikuwahi kusikia kwamba fungu limepungua.

Kukusanya hakukuwa kazi yake kubwa. Hata mimi mtoto ningeweza kutumwa nikakusanya. Kazi yake kubwa ilikuwa zamu. Kwa desturi zamu hupangwa kwa kura, na kura ilipigwa kweli, lakini kwake ilikuwa mwanzo tu wa mazungumzo. Akisikia kwamba fulani mwanawe amefaulu kwenda sekondari, au mwingine mumewe kasimamishwa kazi, alikwenda usiku kwa mwenye zamu, akakaa mkekani, akanywa chai, akauliza hali za watoto mmoja mmoja. Anapoaga, zamu imeshahama. Hakumlazimisha mtu. Ila hapakuwa na wa kumkatalia, maana kila mmoja alikwisha kuhamishiwa zamu kwa mtindo huohuo siku yake ya dhiki.

Miaka ile mshahara wa baba, karani, haukufika katikati ya mwezi. Vita ya Uganda ilikuwa imekwisha mwaka 1979 lakini foleni za sukari na sabuni hazikwisha. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvukazi: asiye na kazi inayotambulika mjini aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Muuza maandazi alikuwa na kazi kuliko karani, ila hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mama alilisukuma beseni lake uvunguni kila aliposikia kelele barabarani, na jioni ileile tulikula kilichotoka kwenye beseni hilo. Baba alilijua hilo vizuri. Alinyamaza, na ukimya wake, nikiutazama leo, ulikuwa wa mtu mwungwana aliyeona aibu isiyo yake.

Zamu ya mama ilipoangukia kwenye fungu nono kuliko kawaida, kijumbe alikuja mwenyewe. Nilikuwa uani nachambua mchele. "Nunua kiwanja, mwanangu," alimwambia, "na uandike jina lako. Sisemi mumeo mbaya. Mumeo ana ndugu." Mama alinunua Mbagala, wakati ambapo watu wa Tandika waliiona Mbagala kama shamba. Karatasi ya mauziano iliandikwa mbele ya balozi wa nyumba kumi, na jina lilikuwa lake. Baba alipofariki, ndugu walikuja kama ilivyotabiriwa, wakakaa arobaini yote, wakaulizia redio, baiskeli, kabati na kiwanja. Vitatu vya kwanza waliondoka navyo.

Basi nimekua nikiamini kwamba mwanamke husimama kwa ushauri wa mwanamke mwenzake aliyekwisha kuumia. Bado naamini hivyo kwa sehemu. Lakini nimekaa kwenye vikundi vya akina mama muda mrefu wa kutosha kuona kwamba kuna jambo gumu zaidi, nalo halisemwi kwenye majukwaa ya tarehe 8 Machi, tunapovaa vitenge sare na kumsubiri mgeni rasmi mpaka keki inayeyuka. Sina ugomvi na vitenge. Ninavyo vya kutosha. Ugomvi wangu ni na hotuba inayotuambia kwamba wanawake tukikaa pamoja, moja kwa moja tunainuana. Tunaweza kukaa pamoja tukakamuana.

Kabla sijafika huko, nimtaje mwanamke ambaye jina lake nililisikia kwenye semina ya msaada wa kisheria na sijaacha kulifikiria. Bi Hawa Mohamed aliachana na mumewe, Ally Sefu, akadai sehemu ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mahakama inaweza kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Swali likawa: kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni juhudi, au ni wajibu tu wa mke? Majaji walikuwa wakigawanyika. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikajibu kwamba kazi za nyumbani ni mchango, zihesabiwe. Kuanzia hapo wanasheria wanaomtetea mke aliyeachwa mikono mitupu huanza na jina la Bi Hawa.

Wengi huishia hapo wanaposimulia, na sehemu inayobaki ndiyo inayoninyima raha. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilisema mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara, fedha zikapotea bila biashara kuonekana, kwa hiyo sehemu yake alikwisha kuila. Mlango ukafunguliwa kwa jina lake, na yeye akabaki nje.

Ukisikiliza semina utadhani alijitoa mhanga kwa ajili yetu. Hakujitoa. Alikwenda mahakamani kudai haki yake, akaishikilia mpaka ngazi ya juu kabisa, akashindwa. Vivyo hivyo Holaria Pastory wa mkoa wa Kagera, aliyeuza shamba alilorithishwa na baba yake kwa wosia, ukoo ukasema mila za Kihaya hazimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akasema mila hiyo inapingana na Katiba. Holaria alitaka kuuza shamba lake. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Ndiyo maana huwa simwelewi mtu anayemwambia mwanamke asiwe mbinafsi, afikirie na wenzake. Wanawake wawili waliowafaa wenzao kuliko wengi walikuwa wanafuatilia mambo yao.

Na walioamua kuwafikiria wenzao kwa makusudi, nao walianzia kwenye mambo madogo ya kundi. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, akapitia kwa viongozi wa vikundi vya lelemama vya Dar es Salaam. Vile vikundi tayari vilikuwa na viongozi, michango na sare. Watu walishazoea kuaminiana kwa fedha kabla hawajaaminiana kwa siasa. Ukitaka kujua nguvu hiyo inavyotisha, kumbuka BAWATA. Baraza lile la wanawake lilizaliwa mwaka 1995, mwenyekiti akiwa Anna Tibaijuka, likafundisha wanawake kuwapima wagombea kabla ya kuwapa kura. Mwaka 1997 likafutiwa usajili. Maadamu unahesabu pesa za sukari tu, hakuna anayekuuliza.

Sasa nije kwenye kikoba chetu.

Vikoba havikuanzia kwetu. Mbegu yake ilipandwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ikaenea nchi nyingi za Afrika, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tayari ilikuwa inaota huku. Tofauti yake na mchezo wa mama ni kwamba fedha haiondoki yote kila zamu. Inakaa sandukuni, inakopeshwa, inazaa. Sanduku letu lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu, na funguo tatu zilikaa kwa watu watatu ambao hawaruhusiwi kulitunza sanduku. Tulikutana Jumamosi uani kwa mwenzetu mmoja, kila mtu kwenye kiti chenye namba yake. Wahesabu fedha wawili wanahesabu kwa sauti, katibu anaandika, na kila mmoja ana kitabu kinachogongwa muhuri kwa kila hisa. Ukichelewa, faini. Simu ikiita, faini. Ukinong'ona wakati fedha inahesabiwa, faini, na hii ndiyo iliyotuingizia fedha nyingi kuliko zote. Mimi, kwa sababu ya ualimu, nilifanywa katibu kabla sijamaliza kunywa soda ya siku ya kwanza.

Nimeona kazi ya sanduku lile kwa macho. Nimemwona mwanamke ambaye hakuwahi kusema neno mbele za watu akiwa mhesabu fedha, na mwaka uliofuata akimjibu afisa wa halmashauri bila kutetereka. Huwezi kuhesabu fedha za watu kila wiki, kwa sauti, mbele yao, ukabaki na sauti ileile ya kunong'ona. Nimeona vyoo vikijengwa, ada zikilipwa, cherehani zikinunuliwa. Hayo yameandikwa sana, nami nayathibitisha.

Yasiyoandikwa sana ni hesabu yenyewe. Chukua kikundi chenye hisa 500. Mama wa kwanza ana hisa 100, mumewe ana kazi, hakopi. Mama wa pili ana hisa 20 na anakopa kila dirisha la mikopo likifunguka, maana biashara yake haina akiba. Akikopa laki tatu kwa riba ya asilimia 10, analeta elfu thelathini za ziada. Hizo zinaingia sandukuni zikisubiri siku ya kuvunja kikoba, zigawanywe kwa hisa: shilingi 60 kwa kila hisa. Aliyekopa anarudishiwa 1,200 katika elfu thelathini zake. Asiyekopa anapata 6,000 akiwa amekaa. Rudia hivyo kwa mikopo yote ya mwaka. Siku ya kuvunja kikoba tunapiga vigelegele, tunakula pilau, na wote tunasema kikundi kimetuinua. Ni kweli kimetuinua. Kimemwinua aliyekuwa juu kwa mgongo wa aliyekuwa chini.

Tulilijua hilo? Kila mtu aliijua riba, hakuna aliyeifuata inakokwenda. Ila mmoja. Alikuwapo bibi wa Kiislamu, mtu wa swala tano, aliyekubali kujiunga kwa sharti kwamba riba haimhusu: siku ya mgawanyo alichukua hisa zake tu, faida akatuachia. Wengine walimwona mtu wa kale. Baadhi ya vijana walisema pembeni kwamba bibi anatuletea Ramadhani mwaka mzima.

Mwenzetu mmoja alikuwa akichukua samaki soko la Feri alfajiri na kukaanga jioni. Mumewe akaugua, ugonjwa wa kwenda na kurudi hospitali. Akakopa kwetu. Rejesho lilipofika akakopa kwa kausha damu ili atulipe sisi. Asiyewajua kausha damu na ashukuru. Fedha unaipata siku hiyohiyo, wanapiga picha friji yako na makochi yako, na kesho yake asubuhi kijana amesimama kwenye biashara yako akidai rejesho la siku. Haulizi kama jana kulikuwa na mvua. Akina mama wanabadilisha njia, wanazima simu, wanahama mtaa. Yeye alibadilisha mahali pa kukaangia samaki mara mbili, wateja wakampotea, na mwisho akashindwa kote, kwao na kwetu.

Katiba yetu ilikuwa wazi: asiyelipa, kikundi kinachukua mali. Katika vikundi vya jirani lilikuwa jambo la kawaida, akina mama wanakwenda kwa mwenzao na mkokoteni, wanabeba kochi na televisheni, wengine wakiimba. Nakumbuka mkutano ule kwa sababu hakuna aliyenong'ona. Mwenyekiti alisoma kifungu. Mtu akasema mkokoteni upo. Mwenye deni alikuwa amekaa kwenye kiti chake chenye namba, amejifunika mtandio mpaka usoni, mkononi kashika kitabu cha hisa.

Bibi akainua mkono. "Mwalimu, hebu nisomee, huyu tangu aingie humu ametulipa riba kiasi gani?"

Nikafungua madaftari, ya mzunguko ule na ya nyuma. Ilichukua muda, watu walianza kutazama simu zao, na siku hiyo hakuna aliyepigwa faini. Nilijumlisha mara mbili kwa sababu jibu la kwanza sikuliamini. Riba aliyokwisha kutulipa miaka yote ilipita deni alilodaiwa.

"Basi," bibi akasema, "hilo kochi mmeshalikalia zamani."

Ningependa kusema tulikumbatiana. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Mwenye duka la vipodozi alisema hapa si kituo cha misaada, mkopo ni mkopo, na leo tukimsamehe huyu kesho wote tutakuwa na wagonjwa. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na naiheshimu kuliko hotuba nyingi za huruma nilizosikia siku ile, maana kikundi kisichodai madeni kinakufa, na kinapokufa wa kwanza kuumia ni mwenye hisa ishirini. Mwishowe tulikubaliana hivi: deni libaki, riba isimame, hisa zake zikatwe kupunguza, kilichobaki alipe kidogokidogo bila tarehe ya kutishana. Wawili wakaenda naye kwa wale kausha damu kuomba wafunge hesabu, na mmoja wao alikuwa huyohuyo mwenye duka la vipodozi. Alisema hawezi kumwacha mtu aende kujadili fedha akiwa analia. Huko alimbana afisa mikopo kwa maswali kuhusu leseni na masharti yaliyoandikwa mpaka yule kijana akampigia simu bosi wake. Deni lile lilifungwa kwa pungufu ya walilodai.

Muuza samaki alilipa yote. Kisha akaondoka kwenye kikundi, na tulipomuuliza alisema tu kwamba anataka kupumzika kudaiwa. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri na kuniongezea kibua kimoja, lakini hajarudi. Sidhani kama atarudi, na simlaumu.

Tulibadilisha katiba. Mkopo wa ugonjwa na msiba hutoka mfuko wa jamii, hauna riba. Huruhusiwi kukopa ukiwa na deni la kausha damu, ila kikundi kinaweza kukulipia lile kwanza. Sehemu ya faida inagawanywa kwa vichwa badala ya hisa. Kifungu hicho kilipita kwa kura chache, na wenye hisa nyingi wawili wakahamia kikundi kingine. Kipengele cha mkokoteni hatukukifuta. Kimewekewa sharti kwamba kabla hakijatumika, katibu asome kwanza jumla ya riba ambayo mhusika amewahi kulipa. Hakijatumika.

Baadaye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ikatutaka vikundi tujisajili, tukajisajili. Tukaomba na ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo wanawake wana fungu la asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Haina riba, na ndiyo maana foleni yake ni ndefu na ina vikundi vya ajabu: akina mama watano wasiofahamiana, na nyuma yao mwanamume mmoja aliyejaza fomu zote. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 ili kupanga upya utaratibu, ikairudisha mwaka 2024. Tulipokaguliwa, afisa aliuliza maswali kwa mwanachama mmoja mmoja, bila mwenyekiti. Hapo nikafurahia zile Jumamosi zote za kuhesabu kwa sauti. Kila mmoja alijua kilichomo sandukuni.

Sasa ugomvi mpya ni sanduku lenyewe. Mabinti zetu walioingia kikundini wanataka fedha iende kwenye simu. Wana hoja: wapo wanaofanya kazi hotelini zamu za usiku, wapo wanaonyonyesha, na Jumamosi hawawezi kufika. Mtaa wa pili kikundi kimeibiwa sanduku zima, kufuli tatu na yote. Wazee hawataki. Wanasema kwenye simu hakuna anayehesabu kwa sauti, na wasipohesabu kwa sauti hawatajua lolote. Nilidhani nitakuwa upande wao, lakini kura yangu niliipiga upande wa simu, kwa sababu mwanamke asiyeweza kutoka nyumbani Jumamosi ndiye anayehitaji akiba kuliko mimi. Tukapatana kwamba fedha itumwe kwa simu, mkutano ubaki mara moja kwa mwezi, na taarifa isomwe kwa sauti palepale uani. Faini ya kunong'ona inaendelea.

Tukadhani tumemaliza, mpaka bibi alipouliza laini itasajiliwa kwa kitambulisho cha nani, maana laini inataka alama ya kidole cha mtu mmoja na funguo zetu zilikuwa tatu. Binti mmoja akaeleza kwamba ipo huduma ya vikundi ambamo fedha haitoki mpaka watu kadhaa wathibitishe kila mmoja kwenye simu yake. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwake simu ni ya mjukuu. Jumamosi ijayo binti atakuja na simu tatu, atufundishe kwa fedha ya majaribio, na bibi ameomba awe mmoja wa wale watatu.